Namba ya Chuo Hailipi Mkopo

Kila msimu wa majibu ya vyuo ukifika, wazee wetu hapa Marekani wana swali moja: "Chuo chako cha sheria ni cha ngapi?" Mimi nauliza: hiyo namba imepatikanaje?

Kwenye hesabu ya U.S. News ya 2023, ajira miezi 10 baada ya kuhitimu ilibeba asilimia 33. Kufaulu mtihani wa uwakili, 25. Sifa ya chuo mbele ya wahadhiri, mawakili na majaji, 25 nyingine. Deni lako je? Sifuri.

Alama za kuingilia, kama LSAT, zilishushwa hadi 5. Zamani zilizidi 11, ndo maana vyuo vilimwaga ufadhili kwa wenye alama kubwa ili vipande juu. Mtoto wa dereva wa teksi mwenye alama za kati akabaki na ada kamili. Novemba 2022 Yale na Harvard waligoma kuipa orodha takwimu, wakilalamikia hilo pia.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukipata nafasi mbili, usikimbilie tu ya chuo cha juu. Uliza wangapi hufaulu uwakili katika jimbo unalotaka kufanya kazi, na utatoka na deni kiasi gani. Wazee watasifia namba. Mkopo utalipa wewe.