Riwaya ya Kwanza ya Grace Ogot: Chimbuko Lake na Suala la Lugha

Mwaka 1966 East African Publishing House ya Nairobi ilitoa The Promised Land, riwaya ya kwanza ya Grace Ogot. Mwaka huohuo ilitoka Efuru ya Flora Nwapa wa Nigeria, na tangu hapo majina ya wanawake hawa wawili hutajwa pamoja kila historia ya riwaya ya Kiafrika iandikwapo. Lililozungumzwa kwa uchache ni njia iliyomfikisha Ogot kwenye riwaya hiyo, na hasa lugha alizozipitia njiani. Makala haya yanakusudia kuifuata njia hiyo, kwani ndani yake mna jambo linalowahusu wanaofundisha lugha za Kiafrika pengine kuliko linavyowahusu walimu wa fasihi ya Kiingereza.

Grace Akinyi alizaliwa Asembo, Nyanza, mwaka 1930. Nyumbani kwao palikuwa na masimulizi ya namna mbili. Baba yake, Joseph Nyanduga, alikuwa mwalimu na Mkristo, naye akiwasimulia watoto visa vya Agano la Kale. Nyanya yake mzaa baba akiwasimulia ngano za Kijaluo. Yaelekea mtoto hakuzitenga. Kisa cha Oganda, binti wa chifu anayepelekwa ziwani kutolewa kafara ili mvua inyeshe, alikipata kwa nyanya yake. Lakini msomaji anayemkumbuka Yeftha na bintiye katika Kitabu cha Waamuzi ataona jinsi ngano hiyo ilivyoangukia sikio lililokwisha kutayarishwa.

Baada ya kusoma Ng'iya na Butere, alijifunza uuguzi katika Hospitali ya Mengo, Uganda, kuanzia 1949 hadi 1953, kisha akaendelea na masomo hayo St Thomas' Hospital, London. Baadaye alihudumu katika Hospitali ya Maseno. Wahakiki wameipa kazi hii ya uuguzi nafasi ndogo mno, ilhali wodi ndiyo iliyompa maudhui yake makuu. Katika hadithi fupi The Old White Witch, wauguzi wa hospitali ya misheni wanagoma kubeba vyombo vya haja vya wagonjwa, kwa kuwa kazi hiyo ni aibu mbele ya mila zao. Ugomvi huo haungeweza kubuniwa na mtu asiyewahi kuvaa sare ile. Aidha, katika mahojiano yake na Bernth Lindfors, Ogot alieleza kwamba Kanisa likishindwa na hospitali ikishindwa, mgonjwa hurejea kwenye kile anachokiamini kutoka katika utamaduni wake. Alisema hayo kama mtu aliyeyashuhudia, bila kutetea wala kulaumu.

Akiwa London alifanya kazi katika idhaa ya BBC iliyoelekezwa Afrika Mashariki, akiandika matini za vipindi na kuzitangaza. Hapo ndipo alipozoea kuandika kwa ajili ya sikio. Katika miaka hiyo pia alikuwa akimwandikia barua mwanahistoria Bethwell Ogot, ambaye alifunga naye ndoa mwaka 1959. Huyo ndiye aliyeona katika barua zile kipaji cha mtunzi na kumhimiza akitumie. Kwa hiyo mwandishi huyu alikuwa amekwisha kusimulia, kutangaza na kuandika barua kwa miaka mingi kabla ya kuitwa mwandishi.

Kuchapishwa hakukuwa rahisi. Hadithi zake za mwanzo alizipeleka kwa mchapishaji mmoja wa enzi za ukoloni, zikakataliwa. Wasomaji wa mchapishaji huyo hawakuelewa ni vipi mwanamke Mkristo aandike habari za kafara na dawa za kienyeji badala ya habari za wokovu. Mwezi wa Juni 1962 alihudhuria mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere, akasoma huko hadithi ile ya Oganda, na akaona jinsi maandishi ya Afrika Mashariki yalivyokosekana. Mwaka uliofuata hadithi hiyo ilitolewa na jarida la Black Orpheus la Nigeria. Mkutano wenyewe, ikumbukwe, ulikuwa wa Waafrika waandikao kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyefariki mwezi huohuo, hakualikwa. Mlango uliomfungukia Ogot ulikuwa na kipimo cha lugha.

The Promised Land inawahusu Ochola na mkewe Nyapol, wanaotoka Nyanza kwenda kutafuta ardhi Tanganyika. Nyapol hapendi safari hiyo. Ochola anatajirika, jirani anamwonea kijicho, na mwili wake unaota miiba. Daktari Mzungu hawezi kitu. Mganga Magungu anamponya, kwa sharti kwamba familia iondoke mara moja na kuziacha mali. Baadhi ya wahakiki walilalamika kwamba mwandishi hasemi kama ugonjwa huo ni uchawi au la. Lawama hiyo haina uzito: muuguzi aliyesikia maelezo ya aina zote mbili kitandani mwa mgonjwa mmoja hana sababu ya kuchagua, na Ogot mwenyewe aliiita riwaya hii njozi ya kweli.

Lawama iliyo na uzito ni ya lugha. Mazungumzo ya Ochola na Nyapol kwa Kiingereza ni makavu. Mume na mke wa Kijaluo wanaongea kama watu wanaotafsiriwa na karani wa mahakama. Msimulizi anapoachiwa nafasi, mathalani katika masikitiko ya kuagana na nyumbani, mwendo wa nyanya mwenye kusimulia unasikika chini ya sentensi. Wahusika wafunguapo vinywa, mwendo huo hupotea.

Kwa sababu hiyo yafaa kuutazama mwaka 1983 kama mwanzo wa pili. Mwaka huo Ogot, aliyekuwa ametangaza redioni kwa Kijaluo na Kiswahili, alitoa Miaha, masimulizi marefu kwa Kijaluo yanayojengwa juu ya ngano ya bibi arusi Nyawir na jembe lililokuwa likilima lenyewe. Miaka miwili nyuma alikuwa ametoa Ber Wat. Miaha iliigizwa jukwaani, na wazee ambao The Promised Land haikuwafikia kamwe waliweza kuifuata bila mkalimani. Mwaka 1989 ilitoka kwa Kiingereza kama The Strange Bride, kwa tafsiri ya mwanaisimu Okoth Okombo. Safari hii kazi ilitoka Kijaluo kwenda Kiingereza hadharani, na jina la mfasiri likachapishwa. Mwaka 1966 tafsiri ilifanyika kichwani mwa mtunzi, na gharama yake ikalipwa na Ochola na Nyapol.