Polo GTI: Mfanyabiashara ajiulize nini kabla ya kununua?

Volkswagen Polo GTI ni gari dogo la mjini lenye nguvu kuliko umbo lake. Linaingia kirahisi kwenye maegesho ya sokoni na lina kasi barabarani. Gari lililotumika la aina hii likionekana kwenye mnada wa Japani au Uingereza kwa bei ya kuvutia, mfanyabiashara hushawishika: atalitumia mwenyewe kwa safari za mjini na mpakani, kisha aliuze. Kabla ya kutuma fedha, inafaa kupiga hesabu. Bei ya mnada ni mwanzo tu, na mtaji ukishafungwa kwenye gari lisilotembea wala kuuzika, kuutoa ni kazi.

Ni toleo lipi?

Jina ni moja, lakini tangu mwaka 2010 chini ya boneti kumekuwa na magari matatu tofauti.

La kwanza lilianza kuuzwa mwaka 2010. Lina injini ya cc 1,390 yenye nguvu za farasi 180, inayosukumiwa hewa na vifaa viwili: turbo, na kingine kinachozungushwa na mkanda wa injini. Injini hii inajulikana kwa kula oili, na baadhi zimeharibika pistoni. Giaboksi yake ni ya otomatiki yenye gia 7 na klachi mbili kavu. Giaboksi ya aina hiyo ilileta matatizo katika nchi kadhaa. Mwaka 2013 Volkswagen iliyaita gereji magari zaidi ya 380,000 ya aina mbalimbali nchini China pekee kwa sababu yake.

La pili, la kuanzia mwaka 2015, lina injini ya cc 1,798 na nguvu za farasi 192. La tatu, la kuanzia mwaka 2018, lina injini ya cc 1,984 na nguvu za farasi 200. Klachi za otomatiki ya toleo hili la tatu huzunguka ndani ya oili. Zinavumilia foleni vizuri zaidi, ila oili hiyo lazima ibadilishwe kwa wakati. Kwa giaboksi ya gia 6, ni kila kilomita 60,000. Muuzaji akikuonyesha kitabu cha matengenezo, tafuta kwanza ukurasa huo.

Litaingia nchi gani?

Kenya haipokei gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, kwa hiyo toleo la kwanza na la pili sasa huwezi kuyaagiza kutoka nje. Tanzania haikatai gari kwa sababu ya umri, lakini huongeza ushuru gari likipita miaka 8, na huongeza tena likipita 10. Uganda nayo iliweka ukomo wa umri kwa sheria ya mwaka 2018.

Upande wa usukani pia una uzito wake. Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia huendesha kushoto, na gari la Japani au Uingereza lenye usukani wa kulia linawafaa. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Mteja wa Kigali au Bujumbura mtafutie gari la usukani wa kushoto, kwa mfano kutoka Ubelgiji. Ukikosea hapo, unaweza kujikuta na gari lililolipiwa meli ambalo mteja wako hawezi kulisajili.

Ushuru hauangalii ulivyonunua

Wengi hujikwaa hapa. Mamlaka ya mapato nchini Kenya hukokotoa kodi kwa orodha yake ya bei za magari mapya, kisha hupunguza kulingana na umri. Tanzania nayo ina mfumo wake wa kuthamini magari yaliyotumika. Kupata gari kwa bei ya chini mnadani hakuna maana kwamba kodi nayo itakuwa ya chini. Tena, GTI ni toleo la gharama kuliko Polo ya kawaida, na thamani yake kwa forodha hufuata hilo. Mwombe wakala wako wa forodha akokotoe kodi ya toleo hilo hasa, kwa mwaka wake, kabla hujalipa. Viwango hubadilika kila bajeti mpya inaposomwa.

Barabara na gereji

GTI ya mwaka 2010 huvaa tairi za 215/40 R17. Ubavu wa tairi hiyo una urefu wa sentimita 8.6 tu, wakati Polo ya kawaida yenye 185/60 R15 ina sentimita 11.1. Pia GTI imeshushwa chini. Shimo moja la usiku laweza kupasua tairi na kupinda rimu kwa pamoja. Wanaoendesha magari ya IT kutoka bandarini Dar es Salaam hadi Tunduma, na wenye malori ya kubeba magari, walikumbuke hilo kwenye matuta na wanapopandisha gari kwenye lori.

Injini hizi zinahitaji petroli yenye oktani ya juu. Soma maandishi yaliyo ndani ya kifuniko cha tangi, kisha uulize kama vituo vya njia yako vinaiuza. Uliza pia kama fundi wako ana kompyuta ya kusoma hitilafu za Volkswagen. Spea za Toyota Vitz utazipata hata mji mdogo wa mpakani. Za GTI huenda ukaagiza na kusubiri, gari likiwa limeegeshwa na shughuli zako zimesimama.

Ununue au uache?

Kama unaishi Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, una fundi unayemwamini, umeweka akiba ya matengenezo pembeni na gari ni la matumizi yako, toleo la 2018 na kuendelea ni chaguo la busara. Likague na mtu asiye upande wa muuzaji, injini ikiwa imepoa kabisa, kisha mliendeshe taratibu kwenye foleni. Likitetemeka au kushtuka linapoondoka, achana nalo.

Kama unanunua ili uuze, mtafute kwanza mnunuzi na upokee malipo ya awali. Na kama njia yako ni ya vumbi, au fedha uliyo nayo ndiyo inayozungusha duka, chukua Polo ya kawaida au Vitz. Gari la mfanyabiashara ni lile linalowaka asubuhi na kumfikisha mpakani.