Kiazi Kizima na Mpaka wa Nyuzi 100

Kiazi cha kwanza cha kuoka nilichokula kilitoka jivuni. Shangazi alikuwa akimaliza kusonga ugali, anafukua jivu la moto kwa kijiti, anatumbukiza mbatata tatu nne, anazifukia, halafu anatufukuza jikoni. Tulirudi hata kabla hajatuita. Ganda lilikuwa limekakamaa kama ngozi ya kiatu cha zamani, upande mmoja jeusi. Ukikipasua kiazi kwa vidole gumba, mvuke unakupiga usoni, na ndani ni cheupe, kinamumunyuka kama unga. Tulichovya kwenye chumvi. Ugomvi ulikuwa juu ya ganda, pale lilipobabuka likawa kahawia, maana hapo ndipo penye ladha.

Rangi ile ya kahawia ina habari zake, na habari zenyewe zimeanzia mbali na jiko, kwenye handaki la reli kusini mwa Sweden. Mwaka 1997 wachimbaji wa handaki la Hallandsås walikuwa wamezidiwa na maji yanayovuja kwenye mwamba. Wakaziba nyufa kwa dawa yenye kemikali iitwayo akrilamaidi. Dawa haikuganda yote kama ilivyotarajiwa, nyingine ikachukuliwa na maji hadi kwenye vijito. Samaki wa kufugwa wakafa. Ng'ombe waliokunywa maji yale wakaanza kupepesuka, miguu haiwabebi. Baadhi ya wafanyakazi wakalalamika ganzi mikononi na miguuni.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm wakiongozwa na Margareta Törnqvist wakaitwa kupima damu za wachimbaji. Akrilamaidi ikiingia mwilini hujibandika kwenye hemoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu wake, na chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120. Kwa hiyo damu ni daftari la miezi minne: ulichokutana nacho kimeandikwa humo. Za wachimbaji zilionyesha walichotarajia. Lakini kipimo hakina maana bila cha kulinganisha nacho, wakachukua pia damu za watu ambao handaki hawakulikanyaga. Nazo zilikuwa na alama ya akrilamaidi. Moshi wa sigara unayo, hilo lilijulikana, ila hata wasiovuta walikuwa nayo. Inatoka wapi?

Walishuku chakula, hasa kilichopita kwenye moto mkali. Mtafiti Eden Tareke na wenzake wakawalisha panya chakula chao kilekile cha kila siku, ila kimekaangwa, na mwaka 2000 wakaandika kwamba alama ile katika damu za panya hao ilipanda. Baada ya hapo wakageukia vyakula vya binadamu. Tarehe 24 Aprili 2002 matokeo yakatangazwa mbele ya waandishi wa habari. Nyama na vyakula vingine vya protini vilivyopitishwa motoni vilikuwa na mikrogramu 5 hadi 50 za akrilamaidi kwa kilo. Viazi na jamaa zake wa wanga walikuwa na 150 hadi 4,000. Na kiazi cha kuchemsha? Hakuna kilichoonekana kwenye mashine.

Hebu tulia hapo kidogo. Kiazi ni kilekile, shamba ni lilelile. Kimoja kimeingia majini, kingine mafutani, na kimoja tu ndicho kilichotoka na kemikali ya kuzibia mahandaki.

Jibu lilikuja mwaka huohuo, Oktoba, katika jarida la Nature, na lililetwa na makundi mawili ya watafiti yaliyofanya kazi kila moja kivyake. Kiazi kina asidi amino iitwayo asparajini kwa wingi. Wanakemia wa Ufaransa, Vauquelin na Robiquet, waliitenga mwaka 1806 kutoka kwenye mmea wa asparaga, na miaka yote hiyo hakuna aliyeiona kuwa na ubaya wowote. Kiazi kina pia sukari kidogo, glukosi na fruktosi. Joto likipita nyuzi 120 hivi, asparajini na sukari huvaana, na katika vurugu hiyo akrilamaidi huzaliwa. Vurugu yenyewe tunaila na kuishangilia kila siku. Ndiyo inayoyapa mandazi rangi, kahawa harufu, na nyama choma ule ukoko wa nje. Mfaransa Louis Camille Maillard aliielezea mwaka 1912, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Ladha na akrilamaidi ni watoto wa tumbo moja; huwezi kumwalika mmoja ukamfungia mwenzake mlango.

Sasa turudi kwenye kiazi kizima, maana hapa ndipo ninapotaka kukitetea.

Kila mpishi anajua kuwa maharage hayaungui mpaka maji yakauke. Ukiyasahau jikoni, sufuria itavumilia na kuvumilia, halafu tone la mwisho likishaondoka, dakika tano tu nyumba nzima inanuka. Sababu ni kwamba maji yakishachemka hayapandi joto tena. Moto wote unaoongeza unatumika kuyageuza mvuke. Pwani mpaka huo ni nyuzi 100. Nairobi, kwa kuwa iko juu, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana maharage ya huko yana kiburi.

Karibu sehemu nne kwa tano za kiazi ni maji. Kiweke kizima ndani ya oveni yenye nyuzi 200: tumbo lake halitapita 100 hata kikae saa nzima, kwa sababu maji bado yamo. Linalokauka ni ganda na tabaka jembamba chini yake. Hapo tu ndipo joto linapopenya hadi 120 na zaidi, hapo tu ndipo Maillard anapofanya kazi. Kiazi kilekile ukikikata chipsi umekipa kuta nyingi za kukauka. Ukikikata vipande vyembamba vya krispi, kinakauka chote, hakibaki na tumbo. Kwa hiyo katika njia zote za moto mkavu, kiazi kizima na ganda lake ndicho chenye akrilamaidi kidogo zaidi kwa kila tonge unalokula. Shangazi hakuwa na habari za Stockholm, lakini pale alipokuwa akivifukia vizima alikuwa upande wa salama.

Kinachotokea tumboni mwa kiazi ni kazi ya wanga. Kuanzia nyuzi 60 hivi chembe za wanga hunywa maji yaliyo jirani nazo na kuvimba. Kwenye viazi vya unga, vile vinavyopasuka vikichemshwa, vyumba vidogo vya kiazi huachana, na ukikifungua kinamumunyuka. Viazi vigumu vinavyofaa kwa kachumbari ya viazi au mchuzi haviachani hivyo. Ukivioka vinatoka kama sabuni. Sokoni muulize muuzaji vya kukaanga au vya kuponda, naye atakuelewa. Vya kuponda ndivyo vya kuoka.

Chagua vinavyolingana. Joto hutembea ndani ya kiazi polepole sana, na kiazi chenye unene mara mbili huhitaji karibu mara nne ya muda. Ukichanganya kikubwa na kidogo kwenye moto mmoja, utakula kimoja kibichi na kingine kikavu. Vioshe, vikaushe kabisa, vitoboe kwa uma mara tatu nne ili mvuke upate njia. Kiazi kisichotobolewa hupasuka mara chache, lakini ukishasugua kuta za oveni siku moja hutasahau uma tena.

Kwa mwenye oveni, nyuzi 200 na kama saa moja kwa kiazi cha ukubwa wa ngumi, juu ya waya si juu ya sinia, ili hewa izunguke. Ganda lipakwe mafuta kidogo na chumvi.

Asiye na oveni asisononeke. Mimi nyumbani natumia jiko la mkaa na ile njia ya moto juu na moto chini inayotumika kwa mkate wa sinia. Sufuria nzito, changarawe safi zilizokauka zimetandazwa chini ili viazi visigusane na chuma, mfuniko wa bati umekaa sawasawa, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa kupalia moto wa chini kwa pupa. Viazi vilibabuka matako, juu vibichi. Siku hizi moto wa chini nauacha ufifie kabisa baada ya robo saa, nasikiliza. Mwanzoni kuna ukimya, kisha unasikia kama mtu ananong'ona ndani ya sufuria. Huo ni mvuke unaotoka kwenye vitundu vya uma. Mnong'ono ukipungua, ingiza kisu chembamba. Kikipita bila kukwama, epua. Hapohapo kipasue kila kiazi, mvuke utoke. Ukikiacha kimefumba, mvuke unarudi kuwa maji na ule unga unageuka uji.

Maikrowevu yenyewe hukimaliza kiazi kwa dakika chache, na akrilamaidi haina nafasi kubwa kwa sababu ganda halikauki. Kwa sababu hiyohiyo hakuna ladha: ni kiazi cha mvuke kilichovaa koti la kiazi cha kuoka. Ukitaka kufanya haraka, kiivishe humo, kisha kimalizie kwenye kikaango kikavu hadi ganda likauke.

Rangi ndiyo kipimo chako. Januari 2017 wakala wa viwango vya chakula wa Uingereza alianzisha kampeni ya kuwataka wapishi wa nyumbani waishie kwenye rangi ya dhahabu, na ushauri huo unatosha hata kwa jiko la mkaa. Kahawia iliyokoza ipunguze, nyeusi ibandue utupe. Nakiri ganda jeusi la utotoni bado linanitia njaa.

Je, tuogope? Tangu 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka akrilamaidi kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi mzito ulitoka kwa wanyama wa maabara, waliopewa dozi kubwa mno kuliko sahani ya mtu yeyote. Uchunguzi wa watu na vyakula vyao haujatoa jibu la aina moja. Kwa maoni yangu kiazi cha kuoka cha Jumapili hakimnyimi mtu usingizi. Mtoto anayepewa chipsi kila siku akitoka shule ni kesi nyingine, na hata bila akrilamaidi mafuta na chumvi vimeshamhukumu mzazi.

Kuna jambo la friji. Baridi kali hugeuza wanga wa kiazi kuwa sukari, na sukari zaidi ina maana ya weusi wa haraka motoni. Ndiyo maana viwanda vya Ulaya huagizwa kutunza viazi vya kukaangia kwenye joto lisilopungua nyuzi 6. Kwa sisi tunaonunua sado moja na kuimaliza ndani ya wiki, kinachotuhusu zaidi ni mwanga. Viazi vilivyoanikwa juani kibandani hugeuka kijani, na pamoja na ukijani huo hupanda solanini, sumu inayokwaruza koo na kuvuruga tumbo. Solanini haiogopi jiko. Uichemshe, uioke, inabaki. Kijani kidogo kikate na nyama yake nene. Kiazi kichungu kiteme na ukitupe.

Na mpaka ule wa nyuzi 100 unaokilinda kiazi una upande wake wa pili. Watu wengi huvisha kiazi foili kabla ya kuoka. Kwanza, hicho si cha kuoka tena, kimepikwa kwa mvuke wake, ganda linatoka laini na lenye unyevu. Pili, kwenye udongo kuna bakteria aitwaye Clostridium botulinum ambaye mbegu zake hustahimili nyuzi 100. Viwanda vya makopo huziua kwa nyuzi 121 chini ya shinikizo. Kiazi kimetoka udongoni. Tumbo lake halikupita 100, foili imefungia hewa nje, nako kukiwa na uvuguvugu, mbegu hizo huamka na kutengeneza sumu inayopooza misuli hadi ya kupumulia. Mwaka 1994, El Paso huko Texas, watu 30 waliugua baada ya kula vyakula vya mkahawa mmoja. Chanzo kilikuwa viazi vilivyookwa ndani ya foili na kuachwa siku kadhaa bila kuwekwa kwenye baridi, kisha vikapondwa kuwa kitoweo cha kuchovya.

Kwa hiyo viazi vikibaki usiku, vivue foili vingali vya moto, vipoe kidogo, viingie kwenye friji kabla hujalala. Kilicholala mezani na foili yake, usikionje kuhakikisha. Kitupe.