Majina ya Bunduki Kuukuu na Usalama Wetu Mpakani

Siku hizi neno "gobori" limekuwa kapu la kutilia kila kitu. Bunduki ya babu iliyoota kutu darini ni gobori. Mtutu uliofuliwa na mhunzi kwa kipande cha bomba ni gobori. Hata bunduki ya marisau ya mlinzi, ikichakaa, huitwa gobori. Kwa wakazi wa Busia na Malaba, ambako silaha zimepita kwa zaidi ya karne moja, uvivu huu wa kutaja si jambo la kuwashughulisha wanaisimu peke yao. Asiyejua jina la silaha iliyo mbele yake aghalabu hajui inavyofanya kazi, na asiyejua inavyofanya kazi hawezi kujua kama ingali hai.

Kiswahili hakikuwa maskini katika jambo hili. Neno bunduki tulilipata kwa Waarabu, ambao kwao lilikuwa kwanza jina la kokwa, kisha la kitufe cha kurushwa, na hatimaye la chombo chenyewe kirushacho. Lakini wazee wa pwani hawakutosheka na jina hilo moja. Waliziainisha bunduki kwa jinsi moto unavyoifikia baruti. Bunduki ya mrao huwashwa kwa utambi unaofuka moto. Ya gumegume hutumia jiwe linalogonga chuma na kutoa cheche. Ya fataki huvishwa kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ilipukayo inapogongwa. Zote tatu hushindiliwa baruti na risasi kupitia mdomoni, kwa fimbo iitwayo mdeki. Ya nne ni bunduki ya viasi, ifunguliwayo nyuma, ambayo baruti na risasi yake zimekwisha kupimwa na kufungwa pamoja. Jina lake lakumbusha kipimo hicho.

Uainishaji huu ni ufunguo wa historia yetu. Mwaka 1890, mataifa ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Brussels, uliozuia bunduki za kisasa zisiwafikie Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili. Bunduki za gumegume ziliachiwa mlango, kwa masharti. Si ajabu: mwenye bunduki ya viasi hupiga mara kadhaa kabla mwenye gumegume hajamaliza kushindilia mara ya pili.

Huku magharibi, misafara ya pembe za ndovu kutoka pwani ilipiga kambi Mumias, kwa Nabongo Mumia, nayo ilikuja na bunduki. Mwaka 1895, Charles Hobley aliongoza vita dhidi ya Wabukusu, vilivyofikia kilele katika ngome za Lumboka na Chetambe, kwenye eneo ambalo leo ni Kaunti ya Bungoma. Chanzo kimoja cha vita hivyo kilikuwa bunduki za serikali zilizoingia mikononi mwa Wabukusu, nao wakakataa kuzirudisha. Upande wa pili, kuanzia mwaka 1899, Semei Kakungulu aliliteka eneo la Bukedi kwa jeshi lenye bunduki. Tukumbuke pia kwamba hadi tarehe 1 Aprili 1902 nchi hii yote ya Busia na Malaba ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Bunduki iliyotoka Bukedi kuja huku zama hizo haikuvuka mpaka. Mpaka ndio ulioivuka.

Basi mtu akikuta chuma cha namna hiyo katika paa la nyumba ya marehemu, na atazame kwa macho, si kwa mikono. Je, ubavuni pana taya la kushikia jiwe? Hiyo ni gumegume. Pana kichuchu kidogo, ambacho wazee walikiita kifa, na nyundo juu yake? Ni ya fataki. Taji na neno "Tower" huashiria ghala la silaha la London, ingawa alama hizo ziliigwa mno.

Baada ya kutazama, aiache hapo hapo na kuwaita polisi. Kutu ya nje si ushahidi kwamba ndani hamna kitu. Bunduki ya kushindiliwa yaweza kuwa ilitiwa baruti na mtu aliyekufa zamani, na baruti nyeusi, ikikaa pakavu, haizeeki. Mjuzi hutia kijiti ndani ya mtutu, kisha akakilinganisha na urefu wa nje. Kikikomea njiani, mna kitu. Asiye mjuzi asijaribu, wala asiivute kifyatulio, na zaidi ya yote asimpelekee mhunzi au mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa kuwa moto wa mafua hauulizi umri. Hata mlenga shabaha hodari asiijaze baruti ya kisasa. Kasiba ya kale huweza kupasuka usoni pake. Wahenga walisema mwana akililia wembe mpe. Hawakusema hivyo juu ya baruti.

Sheria nayo ina mipaka yake. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, hali Uganda ilianza mwaka 2001 kuujaribu tena uwindaji wa burudani karibu na Ziwa Mburo. Mwenye kibali cha ng'ambo ile asidhani kinamruhusu kuvuka Malaba na bunduki yake. Na anayeona kwamba ya babu ni pambo tu akumbuke Sheria ya Silaha, Sura ya 114: hukumu ya kuwa ni pambo si yake yeye.

Wahariri wetu na walimu wa Kiswahili wana deni hapa. Gazeti likiandika "bunduki kuukuu yapatikana Busia", msomaji hajaambiwa kama iliyopatikana ni kumbukumbu ya vita vya mwaka 1895 au chombo cha jambazi wa jana. Maneno ya kutofautisha tunayo, nayo yamo kamusini. Tuyatumie, ili kilicho cha makumbusho kifike makumbusho, na mtoto wa Malaba asiyachezee mauti kwa kuambiwa kwamba ni gobori tu.