Kununua Fleti Pembezoni mwa Kariakoo

Leo tutazungumza juu ya kununua makao mjini, wala si nyumba yenye ua wake, bali vyumba vilivyo ndani ya jengo la ghorofa, ambavyo watu huviita fleti. Wekeni karatasi na kalamu karibu, maana mwishoni yako maswali ya kikundi.

Kwanza tutazame mahali. Kila mtu wa Dar es Salaam anaijua Kariakoo. Huko kuna soko, maduka ya jumla na kazi za kila namna; kwa hiyo ardhi yake ni ghali mno. Mtu asiyeiweza bei ya pale husogea ukingoni: Ilala, au ng'ambo ya bonde la Msimbazi, yaani Magomeni. Tangu Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yamefupisha safari ya Magomeni na Kariakoo, na ghorofa zimezidi kujengwa. Pale Magomeni Kota serikali nayo ilijenga ghorofa kwa ajili ya kaya 644 za wakazi wa zamani, zikafunguliwa Machi 2022.

Basi, mnunuzi wa fleti hununua nini hasa? Hapa ndipo wengi hukosea. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya mwaka 2008 imetenga mambo mawili. La kwanza ni sehemu yako mwenyewe, yaani vyumba vyako, ambavyo waweza kupewa hati yake kwa jina lako. La pili ni mali ya pamoja: ngazi, lifti, paa, matangi ya maji, pampu, na mabomba ya maji machafu. Katika hivyo una fungu tu, pamoja na wenzako wote. Hapana budi wenye sehemu wawe na chama chao cha kuitunza mali hiyo na kutoza michango.

Tufanye hesabu. Tuseme jengo lina fleti 20 zilizo sawa, na kutengeneza pampu ni shilingi 4,000,000. Kila mwenye fleti atatoa shilingi 200,000. Mtu wa ghorofa ya kwanza hawezi kusema, "Mimi maji nayapata, pampu hainihusu." Na kama fleti hazilingani, kila mmoja hutoa kwa kadiri ya fungu lake lililoandikwa.

Sasa tumfikirie mtu mmoja, tumwite Bwana Juma, mshonaji nguo. Ameweka akiba miaka 12. Anaonyeshwa fleti ukingoni mwa Kariakoo, bei yake nafuu, sakafu inang'aa. Analipa fedha yote na kupewa ufunguo. Baada ya miezi michache lifti inasimama. Chama hakuna, mchango hakuna, kila mtu anamtazama mwenzake. Bwana Juma anakwenda benki akope fedha za kukuza kazi yake, aweke fleti rehani. Karani anamwuliza hati. Hana. Hati ya kiwanja kizima ingali kwa jina la mwenye kujenga, na huyo naye ameiweka rehani kwa deni lake mwenyewe. Bwana Juma ana ufunguo, lakini hana nyumba. Deni lile lisipolipwa, akiba ya miaka 12 yaweza kupotea.

Kosa lake lilikuwa nini? Si kununua pembezoni. Kosa lake ni kuuliza bei kabla ya kuuliza karatasi. Yafaa wewe ufanye hivi kabla ya kutoa hata shilingi moja:

Kwanza, nenda kwa Msajili wa Hati ufanye upekuzi. Angalia kiwanja ni cha nani, kama kina rehani, na kama ramani ya sehemu za jengo imesajiliwa. Angalia pia miaka iliyobaki. Hati ya kumiliki ardhi hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99, na hati yako ya sehemu haiwezi kuishi kupita hati ya kiwanja.

Pili, uliza chama cha wenye sehemu. Omba kuona mchango wa kila mwezi na daftari la fedha.

Tatu, omba kibali cha ujenzi, na umlipe mhandisi wako mwenyewe alikague jengo. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja ilianguka Kariakoo ikaua watu zaidi ya 20. Katika jengo la pamoja nguzo ya jirani ni nguzo yako. Akiikata ili apanue duka lake, amekata na ya kwako.

Nne, nenda ukapaone mahali penyewe siku ya mvua kubwa. Barabara ya Morogoro imepata kufungwa mara nyingi pale Jangwani kwa sababu ya mafuriko. Huenda unafuu wa bei umetokana na maji hayo.

Tano, mkataba uandikwe, nawe uusome pamoja na wakili wako, si wakili wa muuzaji. Malipo ya mwisho yangoje hati.

Ndugu wasikilizaji, pembezoni si mahali pabaya. Watu wengi wamepata makao mema huko. Lakini unafuu wa bei si zawadi; una sababu yake, na kazi yako ni kuijua sababu hiyo kabla ya kulipa.

Maswali ya kikundi:

1. Taja vitu vitano vya mali ya pamoja katika jengo la ghorofa mnalolijua.

2. Jengo lina fleti 16 zilizo sawa. Kutengeneza paa ni shilingi 8,000,000. Kila mmoja atatoa kiasi gani?

3. Kama Bwana Juma angekuwa ndugu yenu, mngemshauri afanye nini sasa?

Zungumzeni, na katibu aandike majibu. Kwaherini mpaka somo lijalo.