MGENI MWINGEREZA MACHONI PA WAZUNGU WENZAKE

Ukitoka mjini Gitega na kushika njia ya kaskazini, unaingia katika tarafa ya Bugendana, nchi ya vilima, migomba na maharagwe, ambayo maji yake huishia katika mto Ruvubu. Gari lenye mgeni mweupe likipunguza mwendo hapo, watoto hutoka mbio migombani na kupaza sauti ya neno moja tu: Muzungu! Hawaulizi kama aliye ndani ni Mbelgiji, Mjerumani, Mtaliano au Mwingereza. Kwao, na kwa wengi wetu tuliokwisha kuota mvi, Mzungu ni Mzungu.

Wazungu wenyewe hawaonani hivyo hata kidogo. Waweke watatu wa mataifa mbalimbali katika hoteli moja, na kabla ya chai ya asubuhi kila mmoja atakuwa amekwisha kumpima mwenziwe na kumpa jina. Na katika kupimana huko, anayesemwa kuliko wote ni Mwingereza. Tumeona inafaa leo kulitazama jambo hili kwa marefu, maana si la huko Ulaya peke yake. Nchi yetu nayo inatafuta wageni, na mwenye nyumba anayetafuta wageni hana budi kujua wanavyosemwa na majirani zao, na zaidi ya hayo, kujua ni yapi katika maneno hayo yenye ukweli.

Wazee wetu walikuwa na kipimo chao. Wajerumani walitufikia wakajenga boma lao Gitega mwaka 1912. Wabelgiji wakawafuata mwaka 1916 na kukaa mpaka Uhuru wa mwaka 1962. Mwingereza hakututawala. Hata hivyo alijulikana, kwa sababu maelfu ya Warundi walivuka mpaka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Uganda na katika mikonge ya Tanganyika, wakarudi na shilingi, nguo na habari. Walilinganisha bwana mmoja na mwingine, kiboko cha huku na mshahara wa kule. Kumpima Mzungu kwa Mzungu mwenziwe, basi, si elimu mpya kwetu.

Waingereza wa kwanza waliofika kandokando ya nchi hii walikuwa wapitaji tu. Burton na Speke waliliona ziwa Tanganyika mwezi Februari 1858, wakapanda mtumbwi hadi Uvira wakitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Waliambiwa na wenyeji kwamba unaingia, wakarudi bila kuuona. Mwezi Novemba 1871, Livingstone na Stanley walikwenda kuuona kwa macho yao, nao walilala Mugere, kusini ya mahali uliposimama leo mji wa Bujumbura, ambako jiwe lenye majina yao linaonyeshwa kwa wageni. (Wako wanaodai kwamba hapo ndipo walipokutana mara ya kwanza. La, walikutana Ujiji. Na kwa haki, katika wawili hao hapana Mwingereza halisi hata mmoja: Livingstone alikuwa Mskoti, na Stanley alizaliwa Wales na kutumwa na gazeti la Marekani. Kiswahili chetu kinawafunga wote katika tita moja, jambo ambalo Mskoti hulichukia sana.)

Speke ndiye aliyewapa Wazungu wengine sababu ya kununa. Alilitazama ziwa kubwa la kaskazini mwezi Agosti 1858 akiwa karibu na Mwanza, akalipa jina la malkia wake, akatangaza kwamba ndilo chanzo cha mto Nile. Mwaka 1862 akaona mahali mto unapotoka ziwani, na mwaka uliofuata akapeleka habari London kwamba suala la Nile limekwisha. Wenziwe hawakuridhika. Mwaka 1892 Oscar Baumann, mtu wa Austria, aliingia Burundi na kusema kwamba chanzo cha kweli ni mto unaoingia katika ziwa hilo, na chanzo cha mto huo ni Ruvubu, huu huu uchukuao maji ya Bugendana. Richard Kandt, Mjerumani, akaja na chemchemi yake katika msitu wa Nyungwe, Rwanda. Mjerumani mwingine, Burkhart Waldecker, akafuata kijito kwa kijito hadi Rutovu, na mwaka 1938 ikasimamishwa pale piramidi ndogo ya mawe ambayo bado watu huenda kuitazama. Ukisoma mambo haya unaona lawama ambayo Wazungu wengine wamekuwa nayo juu ya Mwingereza tangu zamani: kwamba hufika, hutazama, hutia jina lake, kisha hufunga kitabu.

Picha hiyo ni ya Mwingereza tajiri. Katika karne ya 18 vijana wa mabwana wakubwa wa Uingereza walipelekwa Ufaransa na Italia kumaliza masomo yao, pamoja na mwalimu na mfuko mnene. Vita vya Napoleon vilipokwisha mwaka 1815 wakaja wengi zaidi, pamoja na jamaa zao. Wenye nyumba za wageni walimjua kwa dalili zake: anataka chai yake, anataka kanisa lake, na asipoeleweka hurudia maneno yale yale ya Kiingereza kwa sauti kubwa zaidi. Walimcheka, lakini fedha yake hawakuicheka. Mjini Nice kuna barabara maarufu ya pwani iitwayo mpaka leo Matembezi ya Waingereza. Ilianzishwa katika miaka ya 1820 kwa mchango wa wageni hao, uliohimizwa na kasisi wao Lewis Way, ili maskini wa mji wapate kazi baada ya majira ya baridi kali. Waswisi nao wanakumbuka kwamba ni Waingereza waliozoesha ulimwengu kupanda milima yao kwa kujifurahisha, na kwamba mwaka 1865, Whymper na wenziwe walipofika kwa mara ya kwanza kilele cha Matterhorn, watu wanne kati ya saba walianguka na kufa wakati wa kushuka.

Mataifa haya yana namna ya kutupiana sifa mbaya ambayo hatuna budi kuisimulia. Mtu akitoroka karamu bila kuaga, Mfaransa na Mtaliano husema ameondoka Kiingereza. Mwingereza kwa tabia hiyo hiyo husema mtu amechukua ruhusa ya Kifaransa, na Mhispania naye humtaja Mfaransa. Mfaransa humwita Mwingereza nyama ya kuchoma. Mwingereza humwita Mfaransa chura. Mreno akiona Mwingereza aliyeiva kwa jua humwita kipande cha nyama ya ng'ombe. Na Mwingereza naye hulalamika kwamba Mjerumani huamka alfajiri kuweka taulo juu ya viti vya kando ya bwawa la kuogelea, kisha hurudi kulala. Kabila gani lisilo na mizaha ya namna hii juu ya jirani?

Mabadiliko makubwa yaliletwa na Thomas Cook. Tarehe 5 Julai 1841 alikodi treni na kuwapeleka watu kama mia tano kutoka Leicester hadi Loughborough, kila mtu kwa shilingi moja. Walikuwa wakienda kwenye mkutano wa kupinga ulevi! Ndiyo, ndugu msomaji: biashara ya utalii wa makundi ilianzishwa na adui mkubwa wa pombe, na tunaomba jambo hili likumbukwe tutakapofika Amsterdam. Cook aliwavusha wateja wake hadi bara la Ulaya mwaka 1855, na mwaka 1869 akawafikisha Misri, ambako meli za kampuni yake baadaye zilipanda na kushuka juu ya maji ambayo sehemu yake ilinyesha kama mvua katika vilima vyetu. Hawa hawakuwa mabwana wakubwa. Walikuwa walimu, makarani na wenye maduka madogo.

Na mtu wa kwanza kuwadhihaki sana hakuwa Mfaransa wala Mtaliano. Alikuwa raia mwenzao, Charles Lever, mwandishi wa Ireland aliyeshika kazi ya ubalozi mdogo huko La Spezia. Mwaka 1865 aliandika kwa kejeli kwamba makundi hayo ni wafungwa waliokataliwa na makoloni ya Australia, ambao serikali sasa inawamwaga Italia kwa siri. Cook alikasirika, naye alikuwa na haki ya kukasirika. Tunaona hapa jambo ambalo mara nyingi halisemwi: dharau anayotupiwa mtalii Mwingereza ilianzia nyumbani kwake, na chini yake mlikuwa na hasira ya mwenye nacho kumwona mtu wa kawaida akisimama mbele ya sanamu ile ile aliyodhani ni yake peke yake.

Mwaka 1950 Vladimir Raitz alipeleka Waingereza kwa ndege hadi kisiwa cha Corsica kwa bei moja iliyolipia safari, malazi na chakula. Kutoka hapo mafuriko yalianza. Fukwe za Hispania zilizokuwa na wavuvi na nyavu zao zikageuka miji ya maghorofa. Mwenye kijiji aliuza shamba la pwani akapata mali, na watoto wake wakapata kazi ya kubeba sahani. Pamoja na mali hiyo ikaja picha ya pili ya Mwingereza: kijana asiye na shati, mwekundu kama nyanya, anayeimba barabarani saa tisa za usiku. Washabiki wa mpira waliongeza rangi nyeusi katika picha hiyo. Tarehe 29 Mei 1985, katika uwanja wa Heysel mjini Brussels, washabiki wa Liverpool waliwashambulia washabiki wa Juventus, ukuta ukaanguka, watu 39 wakafa, wengi wao Wataliano. Timu za Uingereza zilifungiwa mashindano ya Ulaya kwa miaka mitano. Babu wa Kitaliano anayemkunjia uso Mwingereza leo huenda anakumbuka usiku ule.

Twende sasa Amsterdam. Mwezi Machi 2023 mji huo ulianza kampeni iliyowalenga wanaume wa Uingereza wa umri wa miaka 18 hadi 35. Kijana aliyetafuta kwenye intaneti hoteli ya bei nafuu, au mahali pa kumuaga rafiki anayekaribia kuoa, alionyeshwa faini, pingu na chumba cha polisi, na kuambiwa akae mbali. Sisi tulipoisoma habari hiyo tulistaajabu. Mji unaoishi kwa wageni unalipa fedha ili wageni wasije! Warundi hatuna haki ya kumcheka mtu kwa kupenda pombe, kwa maana kwetu hakuna ndoa wala upatanisho bila mtungi wa pombe ya ndizi au ya mtama. Lakini mtungi wetu una wenyewe, una mpangilio wa nani anaanza, na anayelewa atakutana kesho na wale wale aliowatukana. Kijana wa Amsterdam kesho yupo kwao. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtalii huondoka kabla jembe halijatolewa ghalani.

Hata hivyo haki itendeke. Mwaka 2020 serikali ya visiwa vya Balearic, huko Hispania, ilitunga sheria ya kupunguza ulevi wa watalii, hata vinywaji vya bure katika hoteli za malipo ya jumla vikawekewa mpaka wa vitatu mchana na vitatu usiku. Sheria ile haikutaja Magaluf ya Waingereza peke yake. Ilitaja pia Playa de Palma, ambako walevi wengi ni Wajerumani. Kelele ni ile ile, ila aliyebandikwa jina duniani kote ni mmoja. Sababu moja, kwa maoni yetu, ni lugha: matusi ya Kiingereza yanaeleweka na kila mhudumu, na magazeti ya Uingereza yenyewe ndiyo hodari wa kuchapa aibu za watu wao. Mzee wa Kiingereza aliyekaa kimya siku kumi akitazama ndege wa porini na kuwasalimu watu kwa adabu hakuandikwa na gazeti lolote.

Kuna watu wa Bugendana na wa Muyinga wanaoweza kuyaelewa haya bila kufika Ulaya. Waliokimbilia Tanzania mwaka 1972, na wengine baada ya mwaka 1993 na mwaka 2015, waliishi kambini na vijijini, Kigoma na kwingineko, wakajifunza Kiswahili hiki hiki tunachokiandika. Mtu mmoja akiiba mbuzi, jioni husemwa si kwamba fulani ameiba, bali Warundi wameiba. Aliyelima shamba lake miaka thelathini bila kumgusa mtu alibeba sehemu ya mbuzi yule. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu laki moja na sitini elfu kati ya wale wa 1972 na watoto wao, watu waliokwisha kufahamika na majirani zao kwa majina yao wenyewe.

Wageni wanaofika Gitega siku hizi ni wachache. Hutazama Makumbusho ya Taifa yaliyoanzishwa mwaka 1955, huenda Gishora kusikiliza ngoma za wafalme, ambazo mwaka 2014 ziliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia usioshikika, na baadhi yao huendelea mashariki hadi mbuga ya Ruvubu kutafuta nyati na viboko. Ukisimama Gishora huwezi kumtambua Mwingereza kwa sura. Ngoma zinapoanza wote hunyamaza, na kila mmoja huinua simu yake kupiga picha. Zikisha, mmoja huuliza kwa Kifaransa kibovu kama anaweza kushika ngoma, na mwenye ngoma humweleza kwamba ngoma ya mfalme haishikwi na mtu asiyehusika. Hapo ndipo utakapoona: yupo atakayerudisha mkono wake na kuomba radhi, na yupo atakayerudia swali kwa sauti kubwa zaidi. Tumewaona wa namna zote mbili, na tulipouliza wanatoka wapi, wa pili alikuwa Mbelgiji.