Kwa Nini Pakiti ya ORS Hudai Lita Nzima

Baadhi ya tabia za mmumunyo hazitegemei kilichoyeyuka ni chumvi, sukari au dawa, bali hufuata idadi ya chembe zake tu. Wanakemia huziita sifa kolijativu, na mojawapo ni kanieneo ya osmosisi, yaani nguvu inayovuta maji kupitia utando kuelekea upande wenye chembe nyingi. Huko Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, kaskazini mwa Lilongwe, jambo hili si la maabara, hasa baada ya kipindupindu kilichozuka Malawi mwaka 2022 na kuua zaidi ya watu 1,700 nchini.

Maji ambayo mgonjwa wa kipindupindu hupoteza kwa kuharisha hurejeshwa kwa ORS, yaani chumvi na sukari za kukorogwa na kunywewa. Pakiti yake ya fomula ya WHO na UNICEF ya mwaka 2002, ikikorogwa katika lita moja ya maji safi, hutoa milimoli 75 za sodiamu, 65 za kloraidi, 75 za glukosi, 20 za potasiamu na 10 za sitreti, jumla 245, ilhali damu ina takriban 290. Glukosi husaidia sodiamu kuvuka ukuta wa utumbo, na maji huzifuata. Fomula ya awali ilikuwa na 311, juu kidogo ya damu, na watoto walioinywa waliharisha na kutapika zaidi. Anayekoroga pakiti hiyo katika nusu lita, akidhani anaipa dawa nguvu, hupata 490, kiasi kinachoweza kuyavuta maji ya damu yarudi utumboni. Kwa hiyo mwenye chupa za nusu lita hana budi kujaza mbili.

Sitreti ina kazi nyingine. Mharo wa kipindupindu huondoka na bikaboneti, sehemu ya bafa ya damu, yaani mfumo unaozuia tindikali isipande wala kushuka ghafla, nao huiweka pH karibu na 7.4. Mwili huigeuza sitreti kuwa bikaboneti. Zamani bikaboneti yenyewe ilitiwa kwenye pakiti, lakini katika joto na unyevu iliharibika pamoja na glukosi.

Mgonjwa asiyeweza tena kunywa, awe Dzaleka au Lilongwe, huhitaji dripu, na inayopendekezwa ni Ringer laktati, ambayo laktati yake nayo hugeuka bikaboneti. Maji ya chumvi ya asilimia 0.9 hukaribiana na damu kwa idadi ya chembe, hata vyote viwili huganda kwenye nyuzi kama 0.5 chini ya sifuri, lakini hayana bafa yoyote, hivyo hutumika pale tu Ringer inapokosekana.